Tuwaulize Watoto, Kisha Tuwaache Walale

Kila mwaka, tangu mtihani wa moko mpaka ule wa taifa wa Novemba, taa za madarasa ya kidato cha nne katika Mkoa wa Pwani huchelewa kuzimwa. Kibaha, wanaokaa bweni hukaa prepo hadi usiku mkubwa, na kengele ya kulala ikishagongwa wapo wanaorudi darasani kimyakimya. Kisarawe, wanafunzi wa shule za kata waliopanga vyumba karibu na shule, magetoni kama wanavyoita wenyewe, hupiga msuli kwa taa ya sola mpaka chaji iishe. Wazazi tukisikia hayo tunafarijika: mtoto anasoma. Nami nakubali kwamba anasoma, na bidii yake naiheshimu. Lakini sehemu kubwa ya bidii hiyo inapotea bure, na kosa si la mtoto. Ni letu watu wazima, tunaompangia saa za kusoma bila kujali ubongo wake unahifadhi vipi kile anachosomeshwa.

Mtazame kwa karibu huyo anayekesha. Mbele yake lipo daftari la Biolojia, limejaa noti za Kiingereza alizonakili ubaoni muhula uliopita, nyingine amedesa kwa mwenzake. Anasoma ukurasa wa usanisinuru kwa sauti ya chini, anapigia mstari kwa kalamu nyekundu, anarudia, kisha anarudia tena. Safari ya tatu maneno yanateleza mdomoni bila kukwama, naye anajisikia ameiva. Sasa lifunge daftari umuulize: kwa nini jani la mmea uliofungiwa gizani siku mbili haligeuki bluu-nyeusi likidondoshewa ayodini? Anaanza neno la kwanza, la pili, anakwama, na mkono unakwenda wenyewe kwenye daftari. Maneno yale anayatambua akiyaona, lakini kuyatoa kichwani asipoyaona ni kazi nyingine kabisa, na hiyo hajaifanyia mazoezi hata mara moja. Ndiyo kazi atakayopewa Novemba.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mkuu wa shule angefaa kulijua. Wanafunzi walipewa habari fupi ya kisayansi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja tu, halafu katika vipindi vitatu vilivyobaki likaandika kwenye karatasi tupu kila lilichokumbuka, bila kuitazama tena. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara kwa mara waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka. Wasomaji walibakiwa na asilimia 40, na wale waliojihangaisha kukumbuka walikuwa na 61. Tena wasomaji ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka. Huyo ndiye mtoto wetu wa prepo: ameridhika usiku, na wiki ikipita hana kitu.

Miaka saba baadaye, mwaka 2013, kundi la watafiti lililoongozwa na John Dunlosky wa Marekani lilipitia tafiti za miaka mingi kuhusu mbinu kumi ambazo wanafunzi huzitumia kusoma. Kupigia mistari na kusoma upya zilipewa daraja la chini kwa manufaa. Mbili ndizo zilizopewa la juu: kujipima bila kutazama, na kuligawa somo moja likarudiwa katika siku zinazoachana. Mbinu hizo hazidai kompyuta wala maabara. Zinadai daftari lifungwe.

Kwa nini ubongo uko hivyo? Mengi tunayoyajua yalianzia kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison, aliyesumbuliwa na kifafa kikali, alipasuliwa na kuondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo kiungo kidogo kilichojikunja kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua. Utoto wake aliukumbuka, mazungumzo aliyaweza, lakini hakuna jambo jipya la maisha yake lililobaki kichwani. Daktari wa saikolojia Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi, na kila alipoingia chumbani alikuwa mgeni kwake. Molaison alifariki mwaka 2008 akiwa ameufundisha ulimwengu kwamba habari mpya hupitia kwanza hipokampasi, ndipo taratibu zijengeke katika tabaka la nje la ubongo na kudumu.

Kujengeka huko kunatokea kwenye maungio kati ya seli za neva, ambazo binadamu anazo takriban bilioni 86. Hapa Kibaha inahusika kwa namna ambayo wengi hawaijui. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi wa nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963, Norway ikiwa miongoni mwao, na Shule ya Sekondari Kibaha ikafunguliwa mwaka 1965. Mwaka uliofuata, jijini Oslo, kijana wa Kinorway Terje Lømo aligundua kwamba ukiichokoza njia moja ya neva ndani ya hipokampasi ya sungura kwa kurudia, maungio yake huimarika na kubaki imara kwa saa nyingi. Yeye na Mwingereza Tim Bliss walichapisha ugunduzi huo mwaka 1973. Baadaye Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alionyesha kwamba kumbukumbu ya muda mrefu hudai seli zitengeneze protini mpya na maungio mapya. Moja ya nchi zilizotujengea madarasa yale ilikuwa, wakati uleule, inajifunza yanayotokea ndani ya kichwa cha anayekaa darasani. Majengo tuliyapokea mwaka 1970, shirika likawa letu. Elimu ile nyingine hatujaiingiza kwenye ratiba zetu mpaka leo.

Protini hazitengenezwi kwa haraka ya mtahiniwa. Zinahitaji muda, na sehemu muhimu ya muda huo ni usingizi. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi seli za hipokampasi za panya waliokuwa wakitembea, kisha wakawarekodi walipolala. Seli zilizowaka pamoja mchana ziliwaka tena pamoja usingizini: ubongo ulikuwa unalipitia somo la siku. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Anayelala saa saba usiku na kuamshwa na kengele ya saa kumi na moja alfajiri amepata saa 4. Tumemnyang'anya nusu nzima ya usiku ambamo Fizikia ya mchana ingetulia, halafu tunamshangaa kwamba haikutulia.

Jambo la pili ni mpangilio wa siku. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Kwa kipimo chake, baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi ya kujifunza ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Habari yenye maana hudumu zaidi ya silabi tupu, lakini mteremko ni uleule: mkali mwanzoni, kisha unalegea. Kila mara mtu anapokumbuka jambo likiwa limeanza kufifia, mteremko unaofuata unakuwa mpole zaidi. Mvua kubwa ya saa moja kwenye vilima vya Pugu huteleza juu ya ardhi ikaenda zake mtoni. Manyunyu ya siku kadhaa ndiyo yanayofika kwenye mizizi ya muhogo. Anayekremu mada nzima usiku wa kuamkia pepa amepata ile ya kwanza.

Wala watu wa Pwani hawakungoja maabara ya Marekani ili wayajue haya. Nenda kwenye madrasa yoyote ya vijijini Kisarawe, Maneromango au Msimbu, uone mtoto anayehifadhi Kurani. Anakaa mbele ya ustadhi. Msahafu anao ustadhi. Mtoto hana kitu mkononi. Anatoa somo la leo, anarudia la jana, kisha anaulizwa sehemu aliyoihifadhi miezi iliyopita. Akikwama, ustadhi hamsomei aya nzima. Humtajia neno moja tu, akanyamaza, mtoto akaendelea mwenyewe. Kila kitu ambacho watafiti walikipima kimo humo: kutoa kichwani bila kutazama, kurudia kwa siku zinazoachana, kusahihishwa papo hapo. Vitendawili vyetu navyo vina hekima hiyohiyo. Mtegaji hatoi jibu mpaka umejaribu ukashindwa na kumpa mji, na jibu lililotanguliwa na kuhangaika hukaa. Ajabu ni kwamba mtoto huyohuyo alasiri yuko madrasa akiulizwa, na asubuhi yuko darasani akinakili ubao.

Najua nitajibiwa kwamba kuhifadhi si kuelewa, na kwamba tumelia miaka mingi na elimu ya kukariri. Ni kweli, na sitetei kukariri. Lakini kuulizwa si lazima kuwe kuulizwa tarehe na majina. Unaweza kumuuliza mtoto kwa nini, ingekuwaje, na linganisha. Yule wa jani la gizani hakukosa maneno. Alikosa mtu wa kumwuliza kwa nini wakati bado kulikuwa na muda wa kukosea. Tena kuelewa kwenyewe kunahitaji vitu vilivyokwisha kukaa kichwani. Akili inapofanya kazi hushika vitu vichache kwa wakati mmoja, takriban vinne. Mtoto ambaye jedwali la kuzidisha halijamkaa hutumia nafasi hizo kuhesabu, na hana tena nafasi ya kufikiri kuhusu hoja ya swali.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza karibu kila somo limehamia Kiingereza. Nafasi zile chache zinajaa kazi ya kutafsiri kabla hoja haijaingia, na habari isiyoeleweka haina pa kushika kwenye yale anayoyajua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Martha Qorro, wamelisema hili kwa miaka mingi, na mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002 uliowaunganisha na wenzao wa Oslo ulifundisha masomo kidato cha kwanza kwa Kiswahili ili kulinganisha. Sera ya lugha haitabadilishwa na makala ya gazeti. Lakini mwalimu wa Mzenga au Mlandizi anaweza kesho kuwaacha wanafunzi waelezane usanisinuru kwa Kiswahili kwanza, hadi waupate, ndipo wauandike kwa Kiingereza cha mtihani. Hilo si kosa la nidhamu. Ni kuupa ubongo kitu cha kushika.

Kisarawe inajua maumivu ya sifuri. Taifa zima liliyaonja Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakawa wamepata sifuri, hata serikali ikaunda tume. Kisarawe, wakati Jokate Mwegelo akiwa Mkuu wa Wilaya, iliendesha kampeni ya Tokomeza Zero, na wadau wa ndani na nje ya wilaya wakachangishwa. Naiheshimu kampeni ile kwa sababu ilisema hadharani jambo ambalo wilaya nyingi huliona aibu kulitaja, na ilikataa kuamini kwamba watoto wa huko wameumbwa kushindwa. Hoja yangu ni juu ya mtindo ulioenea nchini kote, wa kambi za miezi ya mwisho. Tunawakusanya kidato cha nne kati ya moko na Novemba, tunawalisha vizuri, tunawaletea walimu wa nje, tunawapa nondo usiku na mchana. Kambi inasaidia, hasa mtoto wa kike aliyekuwa akitembea kilomita nyingi na kukuta kazi za nyumbani zinamsubiri. Lakini ubongo uliosahau miaka mitatu hauwezi kujengwa kwa wiki nane. Fedha ileile ikigawanywa kwa Jumamosi moja ya kila mwezi tangu kidato cha kwanza, ya kuulizwa yale ya mwezi uliopita na ya muhula uliopita, itavuna zaidi.

Kuna imani nyingine inayotuumiza, ya kwamba kuna watoto wenye vichwa na wasio navyo. Kibaha Sekondari hupokea wavulana waliochujwa kwa ufaulu wa juu. Minaki, iliyoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana miaka ya 1920 kwenye vilima vya Kisarawe, imelea wasomi vizazi kwa vizazi. Ni fahari zetu. Lakini mtoto wa shule ya kata aliyepo kilomita chache kutoka geti la Minaki huambiwa, kwa maneno au kwa kimya, kwamba pale si pa kichwa chake. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo Watanzania, walichapisha utafiti uliofanyika palepale mkoani kwetu, karibu na Bagamoyo, kwa watoto 358 wa shule za msingi. Walipimwa akili, wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuikabili aina ile ya maswali, wakapimwa tena. Alama zilipanda baada ya mafunzo yasiyofika hata saa moja. Mtihani wa mara moja ulikuwa umeonyesha walichokuwa wamefundishwa, na uwezo wao wa kujifunza ulikuwa umefichika nyuma yake.

Mwaka huohuo Matthew Jukes na wenzake walichapisha matokeo mengine ya watoto wa shule wa Tanzania: wenye maambukizi makali ya kichocho walifanya vibaya zaidi kuliko wasioambukizwa katika vipimo vya kumbukumbu ya muda mfupi, na walichelewa kuitikia. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili na hula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Kwa hiyo kikombe cha uji saa nne asubuhi na dawa ya kichocho inayotolewa shuleni ni sehemu ya ufundishaji kamili, na mzazi anayemficha mtoto siku ya dawa, au anayekataa kuchangia chakula cha shule hali anaweza, anapunguza alama za mwanawe kabla mwalimu hajashika chaki.

Walimu wataniambia kwamba darasa lina wanafunzi wengi, silabasi ni ndefu, na hawawezi kusahihisha mazoezi ya kila siku. Nawaelewa. Ila kujiuliza hakudai kusahihishwa na mwalimu. Dakika 10 za mwanzo wa kipindi zinatosha: madaftari chini, maswali matatu ubaoni, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la muhula uliopita. Kila mtu anaandika anachokumbuka, halafu wanafungua madaftari na kujisahihisha wenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Mwalimu anapita katikati ya madawati na kuona ni swali lipi limewashinda wengi. Dakika hizo hazijaibwa kwenye silabasi. Kinachoibiwa ni mada iliyofundishwa Machi na kupotea Juni, ikabidi ifundishwe upya kambini.

Prepo nayo ibadilike. Saa ya kwanza iwe ya kuulizana wawili wawili bila madaftari, ya pili ya kurudi kwenye yale yaliyowashinda tu. Pepa za miaka iliyopita zifanywe kwa saa na kimya, kama mtihani, na majibu yaangaliwe mwisho. Maswali ya Hisabati yachanganywe mada, ili mtoto ajizoeze kutambua swali ni la aina gani kabla ya kulifanya. Kisha saa nne usiku taa zizimwe, kwa amri, na mwalimu wa zamu ahakikishe hakuna anayerudi darasani. Shule inayojisifu kwamba watoto wake hawalali inajisifu kwa kuharibu ilichokifanya mchana.

Na wewe mzazi wa Picha ya Ndege au wa Vikumburu, ambaye Kiingereza cha daftari lile hukielewi, usijione huna la kufanya. Mwambie mwanao akupe daftari, ulishike wewe. Mwambie: hebu nieleze, leo mmefundishwa nini, na kwa nini iko hivyo. Aeleze kwa Kiswahili, au kwa Kizaramo mkipenda. Akikwama, mrudishie daftari asome pale alipokwama, kisha akueleze tena kesho kutwa. Kazi hiyo ni robo saa, haina ada, na haihitaji cheti cha ualimu. Ukiifanya tangu kidato cha kwanza, Novemba ya kidato cha nne mwanao atakwenda kuulizwa kwa mara ya mia kadhaa, wakati wenzake wengi wataulizwa kwa mara ya kwanza.